Kushukuru Maji Yakiwa Bado Uani

Sisi tunaoishi katika uwanda wa Kano, magharibi mwa Kenya, kati ya Ahero na Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, tumezoea kuitazama milima ya Nandi kila mvua inapokaribia. Mvua ikinyesha mfululizo huko juu, maji yatatufikia hata kama hapa kwetu hakujadondoka tone. Mto Nyando hushuka kwa kasi ukibeba udongo wa mashamba ya nyanda za juu, na ukifika uwandani mwendo wake hupungua, udongo hutuama, mkondo hujaa, kisha maji hujitafutia njia kupitia mashamba ya mpunga na maboma ya watu. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi nao hauyanywi upesi. Wazee wangali wakisimulia mafuriko ya miaka ile ya Uhuru. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda likazidi hata kiwango cha 1964, na mwaka 2024 mvua za masika zilileta maafa hadi serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa shule kote nchini.

Msimu ule wa 2024 ndio uliobadilisha jinsi ninavyoelewa amri ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike: "Shukuruni kwa kila jambo." Nimeisikia tangu utotoni, na mara nyingi nimeisikia ikitumiwa kumnyamazisha mtu anayelia. Leo naamini kwa moyo wangu wote kwamba shukrani inayompendeza Mungu haimtaki mtu afiche hasara yake. Huanza kwa kuitaja hasara hiyo mbele zake, kwa jina lake, kitu kimoja baada ya kingine.

Tulikuwa tumehifadhiwa katika darasa la shule ya msingi iliyo kwenye mwinuko, familia kadhaa katika chumba kimoja, madawati yamerundikwa ukutani ili tupate pa kutandika mikeka. Vyoo vya nyumbani vilikuwa vimetitia, kwa hiyo sote tulihofia kipindupindu, na mbu walikuwa wengi kuliko vyandarua. Miongoni mwetu alikuwapo mwanamume aliyefiwa na baba yake majuma machache kabla ya maji kuja. Mwili ulikuwa mochari. Kwetu Waluo mzee huzikwa katika boma lake mwenyewe, na boma lile lilikuwa chini ya maji yafikayo kiunoni. Kila siku iliyopita gharama ya mochari iliongezeka, na kila asubuhi mwanamume yule alikwenda hadi ukingo wa maji kutazama kama yamepungua, akarudi, akaketi mlangoni bila kusema neno.

Ndipo akaja mhubiri mgeni. Alitufundisha kwamba mafuriko ni adhabu ya dhambi za eneo letu, akatuamuru tusimame tupige makofi ya shukrani kwa kuwa tu hai. Tulisimama. Mwanamume yule pia alisimama, akapiga makofi, na niliuona uso wake. Tangu siku hiyo sijaweza kukubali kwamba huko ndiko kushukuru.

Maandiko yenyewe hayaungi mkono mafundisho ya namna ile. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu anawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo, huku akiwaita wote wanaomsikiliza watubu. Yaani msiba wa jirani haukupi kipimo cha dhambi zake, bali unakukumbusha hali yako wewe. Na marafiki wa Ayubu walifanya jambo lililo bora kuliko yote waliyoyasema baadaye pale walipoketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo mtu kumwambia neno, kwa kuwa waliona ya kwamba mateso yake ni makuu mno. Ningependa wahubiri wetu wanaozuru kambi waanzie hapo.

Aliyenifundisha kushukuru katika darasa lile ni mama mkwe wangu. Jioni, watoto walipokwisha kulala, alikuwa akiketi mkekani na kusali kwa sauti ya chini, kwa Kijaluo, na kwa kuwa nililala karibu naye nilisikia kila neno. Alianza kwa hasara. Alimtajia Mungu mpunga uliokuwa umebakiza muda mfupi tu kuvunwa, akataja ni wa sehemu ipi ya shamba. Alitaja kuku. Alitaja mbuzi jike aliyekuwa na mimba, kitanda alichonunuliwa na marehemu mumewe, na kaburi la mumewe huyo ambalo hakujua kama msalaba wake ulikuwa bado umesimama. Hakuharakisha. Akimaliza, ndipo alipoanza kushukuru, na shukrani zake nazo zilikuwa na majina: yule kijana wa bodaboda aliyembeba mgongoni kuvuka maji akakataa malipo, dawa ya malaria aliyopata mjukuu wake, na kambare waliopatikana jikoni mwetu maji yalipoanza kupungua. Wanangu ndio waliowanasa kwa karai, pale pale penye mafiga. Tuliwapika kwa nyanya moja na chumvi, tukagawana na majirani wa darasa zima, na kabla ya kula mama alishukuru kwa ajili ya samaki hao bila kujilazimisha kushukuru kwa ajili ya maji yaliyowaleta.

Baadaye ndipo nilipogundua kwamba mama, ambaye hajui kusoma, alikuwa akisali kwa mpangilio ule ule wa nabii Habakuki. Kitabu chake ni kifupi, sura tatu tu, na kinaanza na malalamiko: "Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Nabii aliambiwa kwamba Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli, wanakuja, na alijua watakachoiacha nchi yake. Mwishoni mwa kitabu anaandika aya ambayo sisi wakulima tunaielewa bila kuhitaji maelezo: mtini usiochanua maua, mizabibu isiyo na matunda, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kundi, wala ng'ombe mazizini. Anaorodhesha kama mtu anayezunguka boma lake asubuhi baada ya maafa. Hapo tu, baada ya kuhesabu kila kitu, ndipo anaposema, "walakini nitamfurahia BWANA." Furaha hiyo haikupatikana kwa kufumba macho, na ndiyo sababu mimi naiamini.

Kuhusu tumaini, nimefarijiwa zaidi na Yeremia kuliko na mwingine yeyote. Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na jeshi la Babeli, naye mwenyewe alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi, Mungu alipomwagiza anunue shamba la binamu yake huko Anathothi. Alipima shekeli kumi na saba za fedha, akatia sahihi mbele ya mashahidi, kisha akaagiza hati za ununuzi zitiwe katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Ni ununuzi ambao mchuuzi yeyote wa soko la Ahero angeuita hasara, kwa sababu shamba liko mikononi mwa adui. Lakini Bwana alikuwa amesema kwamba nyumba na mashamba na mizabibu itanunuliwa tena katika nchi ile, na Yeremia alilitendea kazi neno hilo kwa fedha zake mwenyewe.

Nilipoisoma sura hiyo ya 32 kambini, niliifikiria ndoo ya plastiki yenye mfuniko ambayo mume wangu aliifunga kwa mpira wa baiskeli na kuipandisha darini usiku maji yalipoingia. Ndani yake mlikuwa na hatimiliki ya shamba, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vyeti vyangu vya shule. Jirani zetu wengi walipoteza karatasi kama hizo, na wengine wangali wakihangaika ofisini kupata nyingine. Zetu zilipona, na kila nizitazamapo namshukuru Mungu, maana mtu hahifadhi hati ya shamba kama haamini kwamba siku moja atalilima tena.

Tumerudi kulilima. Hapakuwa na muujiza katika kurudi huko. Kulikuwa na matope ya kuchota ndani ya nyumba, kuta za kukandika upya, na udongo wa shambani ambao ulipokauka ulipasuka nyufa za kuingiza mkono mzima. Yule mwanamume wa mochari alimzika baba yake hatimaye, na waumini wa madhehebu matatu tofauti walichanga pamoja kulipia deni. Sasa tunasubiri kwa hamu bwawa la Soin-Koru linalojengwa juu huko kwenye mto Nyando likamilike, na tunaliombea, lakini pia tunaendelea kuwadai viongozi wetu mitaro na kingo zinazofaa, kwa kuwa sioni popote katika Biblia ambapo tumaini linamkataza mtu kudai haki yake.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilianza na akiba ndogo iliyobaki katika sanduku. Tulinunua mbegu, tukatengeneza kitalu kimoja cha pamoja kwenye sehemu iliyoinuka, na miche ilipofikia kimo cha kuhamishwa kila familia ilipewa fungu lake. Mama mkwe wangu, pamoja na magoti yake yanayouma, alikataa kukaa nyumbani. Aliketi kwenye tuta akihesabu mafungu na kuita majina ya wenye nayo. Majirani wawili waliohamia kwa ndugu zao Muhoroni hawakuwa wamerudi. Baadhi yetu walipendekeza miche yao igawanywe, isije ikakauka. Mama alisema ipandwe katika mashamba yao, na sisi tutapokezana kupalilia hadi watakapokuja. Jumamosi hii zamu ni yangu.