Fedha za barabara za vijijini zianzie kwenye mtaro

Kila anayenunua lita ya petroli au dizeli nchini Tanzania hulipa, ndani ya bei ile ile, tozo inayokwenda kwenye Mfuko wa Barabara. Hulipa mwenye basi la Mwanza, hulipa kijana wa bodaboda kijijini, na hulipa hata mwenye mashine ya kusaga inayotumia dizeli, ingawa mashine yake haikanyagi barabara yoyote. Nalitaja hili mapema kwa sababu huku kwetu Nyanda za Juu Kusini bado nawasikia watu wazima wakisema kwamba greda likifika kijijini tumesaidiwa, kwa hiyo tusihoji kazi iliyofanyika. Fedha ile ni yetu, tumekwisha kuilipa, na mwenye fedha ana haki ya kuuliza.

Hadi mwaka 2017 barabara za vijijini zilikuwa mikononi mwa halmashauri, ambazo kila moja ilikuwa na wahandisi wake wachache na vipaumbele vyake. Mwaka huo ukaanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na sasa unahudumia mtandao wa zaidi ya kilometa 144,000, sehemu kubwa ikiwa ni udongo na changarawe. Katika mgawanyo wa Mfuko, TANROADS, wenye barabara kuu na za mikoa, walikuwa wakipata asilimia 70, na barabara za wilaya asilimia 30. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA. Nyongeza hiyo iliumiza, lakini naamini ulikuwa uamuzi sahihi, kwa kuwa mazao yanayopanda lori kwenye lami huanza safari yake kwenye udongo.

Ninalolipigania mimi ni mpangilio wa matumizi. Barabara ya udongo huharibiwa na maji kabla ya kuharibiwa na magari. Ikichongwa vizuri huwa na mgongo, katikati pakiwa juu kuliko pembeni, ili mvua iteremke mtaroni, na mtaro nao uwe na michepuo ya kuyatoa maji mbali kabla hayajapata nguvu. Mtaro ukijaa mchanga na majani, au kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, likiziba, maji hurudi njiani, na baada ya hapo lori la mbao linalopita hukamilisha tu uharibifu ambao tayari umeanza.

Kuna kipande cha barabara karibu na kwetu ambacho kilikuwa kikichongwa karibu kila mwaka. Greda lilipita, likakwangua juu, likasukuma udongo pembeni, likaondoka bila kumwagilia maji wala kushindilia. Kila lilipopita liliondoa tabaka jingine, na leo barabara iko chini ya mashamba yaliyo kando yake, kingo zake zikimfikia mtu mzima kiunoni. Hapo hakuna mtaro unaoweza kusaidia, kwa sababu barabara yenyewe imegeuka mtaro. Anayesoma taarifa ya utekelezaji ataona kilometa zilizochongwa, na kilometa hizo ni za kweli, ila kila fedha iliyotumika iliisogeza barabara karibu zaidi na kifo chake.

Kalenda nayo inatuumiza. Mwaka wa fedha huanza Julai, na mvua zetu huanza Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo muda wa kufanya kazi ya maana ni miezi minne au mitano. Zabuni zikichelewa, mkandarasi hufika wakati wa tope na kumwaga changarawe juu ya udongo uliolowa, ambamo humezwa kabla ya mavuno. Sioni kwa nini zabuni za mikoa yenye msimu mmoja wa mvua zisitangulie, mikataba ikasubiri tu fedha za Julai.

Kazi ya mitaro haihitaji greda. Inahitaji majembe, sururu, mapanga na watu wanaoishi jirani na barabara, ndiyo maana nafurahi kuona vikundi vya kijamii vikipewa mikataba ya kufyeka kingo, kuzibua makalavati na kusafisha mitaro. Vikundi hivyo vilipwe kwa wakati, na fedha yao itengwe kabla ya ile ya greda. Kigoma wameonyesha pia kwamba madaraja ya mawe, yanayojengwa na mafundi kwa mawe ya hapo hapo, hugharimu kidogo sana kuliko ya zege na nondo, na mahali penye mawe pasingesubiri bajeti ya daraja kubwa.

Naomba pia mkataba wa kila barabara ubandikwe kwenye ofisi ya kijiji, ukieleza inaanzia wapi na kuishia wapi, unene wa changarawe, idadi ya makalavati na tarehe ya kukabidhi. Changarawe ikiandikwa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, mwanakijiji yeyote anaweza kushuhudia shimo dogo likichimbwa na kupimwa kwa rula mbele ya mhandisi. Mgongo wa barabara hupimwa kwa kamba iliyovutwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mwenyekiti wa kijiji anaweza kuishika ncha moja mwenyewe siku ya makabidhiano, kabla mkandarasi hajasainiwa malipo yake ya mwisho.