Futi, samaki na Jumamosi saa kumi na mbili

Alhamisi usiku. Mvua imekatika sasa hivi na umeme umerudi, watoto wamelala, nataka niandike kabla na mi sijalala maana jambo lenyewe limetokea leo mchana na najua likifika kesho litakuwa limepoa. Ila lazima nianzie nyuma kidogo. Mwaka huu nimeacha wanga, ugali, wali, chapati, viazi, michembe, soda, chai ya sukari, vyote hivyo, leo ni wiki ya kumi na tisa, na sijaacha peke yangu.

Mi ni fundi cherehani hapa Kirumba, Mwanza, mwaka wa kumi na sita huu. Kazi ya kukaa. Viuno vya watu napima kutwa nzima, changu sikuwahi kukipima, gauni ikibana naiachia tu. Si unajua kwenye mshono wa pembeni huwa tunabakiza kitambaa cha akiba, basi mwaka juzi nikaachia, mwaka jana nikaachia tena, mwezi wa kwanza mwaka huu nikafumua ile gauni yangu ya kitenge cha kijani nikakuta akiba imeisha, upande wa kushoto na wa kulia, hakuna hata nusu inchi. Nikabaki nimeshika wembe. Wiki hiyohiyo nikaenda kupima sukari asubuhi kabla sijala kitu, ikasoma 6.7, nikaambiwa mama hapa bado hatujasema una kisukari, kuanzia 7 ndo tunasema, ila umefika mlangoni. Baba yangu alikufa na kisukari. Mguu ulitangulia, yeye akafuata baada ya mwaka mmoja. Kwahiyo hilo neno mlangoni lilinikaa kichwani siku nyingi.

Kikundi kilitokana na kikoba chetu. Tulikuwa tunakutana Jumamosi dukani kwangu nikishafunga, kuweka hisa na kurudisha mikopo, na kwenye hicho kikoba kuna mama mmoja muuguzi mstaafu, nikamwambia habari ya 6.7, kumbe na wengine wana ya kwao wamenyamaza nayo, mmoja presha, mmoja magoti, mmoja ana kisukari kabisa na anameza vidonge. Tukajikuta wanane. Mama muuguzi akasema tunaweza kujaribu kupunguza wanga ila kwa masharti yake, na sharti la kwanza alilitoa akimuangalia yule wa vidonge, kwamba yeye haanzi mpaka aonane na daktari wake. Na hapa naomba yeyote anayesoma anielewe vizuri sana, huyu mwenzetu hakusubiri, aliona siku ya pili na sisi tumeshaanza akaanza na yeye, dozi ileile wanga hakuna, siku ya tatu yuko kwenye daladala anatoka Buzuruga akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, macho yanaona giza, sukari ilikuwa imeshuka mno. Konda ndo alimpa soda. Daktari alipokuja kumuona akampunguzia dawa na akapanga naye siku za kupima, sasa hivi anaendelea vizuri, lakini siku ile tungeweza kumpoteza. Kama unatumia dawa za sukari au insulini usiguse sahani yako kabla hujaongea na daktari.

Mizani hatuna. Tunatumia futi langu la kazini. Mama muuguzi alitufundisha hivi, pima urefu wako kuanzia kisigino mpaka utosini kwa kamba, ikunje mara mbili, hiyo nusu izungushe kiunoni, ncha zikikutana uko vizuri, zisipokutana una kazi. Mi nina sentimita 160 kwahiyo nusu ni 80. Kiuno kilikuwa 103. Nilishika zile ncha mbili za kamba nikaona nafasi iliyobaki katikati, zaidi ya shubiri nzima, tumbo langu limekaa hapo, na mi ndo ninayejua kuliko mtu yeyote hizo sentimita 23 ni kitambaa kiasi gani.

Wiki ya kwanza kila mtu alifurahi kwasababu nguo zililegea haraka, tukaona jambo hili rahisi. Mama muuguzi akatutuliza, akasema mwili ukila wanga unaweka akiba kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu moja ya ile akiba inakaa na maji kama gramu 3, ukiacha wanga akiba inatumika na maji yanatoka, kwahiyo mnachokiona sio mafuta bado, msije mkakata tamaa wiki ya tatu ikigoma. Nashukuru alituambia mapema. Na kile kichwa kilichotuuma siku ya tatu na ya nne na miguu kulegea alituambia ni hayo maji yanaondoka na chumvi, tukawa tunakunywa supu ya sato yenye chumvi, ikapita.

Halafu hesabu ya chai ilinishtua. Kijiko kimoja cha sukari ni kama gramu 4, mi natia vitatu, nakunywa vikombe vinne, hiyo ni 48 kwenye chai peke yake, na sisi tumejipangia tusizidi gramu 50 za wanga kwa siku nzima. Unga wa mahindi ndo usiseme, gramu 100 zaidi ya 70 ni wanga.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni mkono. Jamani, mtu umekula kwa mkono miaka arobaini na mbili, unamega tonge, unabonyeza kwa dole gumba, unachota mlenda, sasa siku ya kwanza nimekaa na sahani ya sato wa kuchemsha na mlenda na mchicha wa karanga na ugali haupo, mkono ukaenda penyewe pale ugali huwa unakaa, ukakuta meza. Nilikula mlenda kwa kijiko na nilihisi kama nimelazwa hospitali. Nililia kidogo, nasema ukweli. Jumamosi nikawasimulia wenzangu, kumbe wote wamekutwa na hilo, ndo mwenzetu mmoja anayeuza chipsi akatuonyesha, alikuja na jiko lake, akapiga yai moja na chumvi na maji kijiko kimoja, akamimina kwenye kikaango kilichopakwa mafuta akakizungusha likatandaa jembamba kama chapati ya maji, dakika moja akaligeuza. Ukilikata vipande unakunja unachota. Mlenda unashika! Tulikaa chini kwenye mkeka pale dukani katikati ya vipande vya vitambaa, wanane, tunachota mlenda kwa yai, na kuanzia siku hiyo nikajua mi hili jambo ntaliweza.

Kwa chakula sisi wa kando ya ziwa tumebarikiwa, hilo nalisema bila kusita. Samaki hana wanga kabisa. Wawili wetu wanashuka soko la samaki la Mwaloni alfajiri wananunua sato wa wote kwa hela tuliyochanga, wanagawa, na dagaa wakikauka vizuri wanakaa ndani wiki mbili. Mbalamwezi ndo inatubana, mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na bei inapanda, siku hizo tunakula mayai na maharage kidogokidogo na tunangoja giza lirudi. Na alfajiri za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunakutana pale daraja la Furahisha saa kumi na moja na nusu tunatembea mpaka kwenye jiwe la Bismarck na kurudi. Mi asubuhi siamki kwa nguvu zangu, naamka kwasababu najua kuna mtu amesimama chini ya lile daraja na kanga kichwani ananingoja, na nisipofika atasimama peke yake gizani.

Njaa sio adui mkubwa, ukila samaki na mboga na parachichi unashiba kabisa. Adui ni watu wako unaowapenda. Mwezi wa tatu tulikuwa na msiba Magu, siku tatu, pilau na wali na chai ya sukari, na pale msibani kukataa sahani ni kama kumkataa aliyekupa. Mama mkubwa aliniwekea wali mwenyewe kwa mkono wake akaniambia kula mwanangu umekonda, una nini? Nikampokea. Nilikuwa nimeshaushika ule wali nikakumbuka kuandika ujumbe kwenye grupu letu, nikaandika neno moja tu, wali. Hawakunihubiria. Yule wa chipsi akajibu uko wapi, nikamwambia, akasema toka nje nakupigia. Tukaongea dakika kumi habari za mtoto wake na mtihani, wali hatukuutaja, niliporudi ndani mtoto wa dada alikuwa ameshaumaliza. Nikanyanyua nyama na kachumbari nikala na watu wangu.

Katika grupu yumo mwalimu, yeye alituhadithia habari ya mwanamke wa Queens kule New York, Jean Nidetch, mwaka 1961 alikuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito aliopewa kliniki, lakini alikuwa anakula biskuti kwa siri na haya inamzuia kusema pale kliniki. Basi akawaita mashoga zake nyumbani akawaambia ukweli, kumbe na wao kila mmoja anaficha cha kwake. Wakaendelea kukutana, watu wakaongezeka, na mwaka 1963 ikawa kampuni, Weight Watchers. Mpango wao haukuwa wa kuacha wanga kama wetu, lakini pale sebuleni kwake ndo pananigusa, kwamba mpango wa kliniki alikuwa nao tayari, alichokosa ni watu wa kuwaambia habari ya biskuti.

Na sisi hapohapo ndo tulikosea. Mwanzoni nilikuwa nampima mtu mbele ya wote na namba naisoma kwa sauti, tunapiga makofi. Kwa aliyepungua raha sana. Wiki ya kumi na moja futi liligoma kwa karibu wote, na mwenzetu mmoja, mdogo kuliko sisi, kiuno kikawa kimeongezeka sentimita mbili, nikasoma kama nilivyozoea, na mtu akasema kwa utani ehee leo tuambie ulikula nini. Tukacheka. Yeye pia alicheka. Jumamosi iliyofuata hakuja, Furahisha hakuja, kwenye grupu akatoka kimya usiku. Kikoba alikuwa analeta hisa yake kwa mkono wa mtoto. Nilimpigia mara tatu, ya tatu nikaacha, na hilo linaniuma kwasababu mi ndo niliyeshika futi, mi ndo niliyesoma.

Tulibadilisha. Siku hizi kila mtu ana daftari lake, nampima nyuma ya pazia la kujaribia nguo, namba naandika namkabidhi, asiyetaka kupimwa hapimwi. Kinachosemwa kwa sauti ni kitu kimoja, siku iliyokuwa ngumu wiki hiyo na nani tulimpigia simu. Mi nadhani kikundi kina nguvu pale kinapokungoja, kikianza kukukagua watu watadanganya au watatoka, na anayetoka ni yule aliyekuwa anakihitaji kuliko wote. Mi nimefika 94. Kuna wiki mbili tatu hazikusogea kabisa na sikutoka, na ingekuwa bado tunasomeana namba sijui kama ningebaki.

Sasa leo. Saa nane mchana mvua inaanza, nimeinama napiga pindo, naona miguu mlangoni, nainua kichwa, ni yeye. Ameshika kitambaa cha sare ya harusi, ya wifi yake, mwezi ujao. Shikamoo dada. Marahaba mdogo wangu, karibu ndani, usilowe. Hatukusema kitu kingine. Mafundi Kirumba wamejaa, angeweza kwenda kwa yeyote.

Ilibidi nimpime. Futi ni lilelile la njano lililofutika namba mwanzoni. Nikampima mabega, kifua, nikafika kiunoni, nikaona amebana pumzi, mkono wangu ukawa mzito. Nikamwambia pumua tu, nguo ya harusi inatakiwa mtu ale acheke. Akapumua. Nikasoma kimoyomoyo, nikaandika kwenye daftari la oda, sio lile lingine, lile lingine lilikuwa pembeni na analiona, nikalifunika na kitambaa chake. Nikamuuliza mikono mirefu au mifupi. Mifupi.

Nikataka kumuomba msamaha na maneno yakakwama, nikajikuta nasema tu siku ile sikufanya vizuri. Akawa anaangalia mvua. Akasema dada nilikuwa nimefiwa na mimba wiki ile, sikumwambia mtu, nilikuwa nakula maandazi usiku nikiwa nimekaa jikoni. Nilimshika mkono. Tulikaa hivyo, mvua inapiga bati hatusikii hata redio ya jirani.

Ilipopungua akanyanyuka, akafunga kanga, akafika mlangoni akageuka. Siku hizi mnakutana saa ngapi?

Nikamwambia saa kumi na mbili, ileile.

Viti vya dukani ni saba. Nimepita jioni kwa yule wa chipsi nimeazima kigoda.