Mkono wa Kanzu

Jana binti yangu alipanda juu ya kochi, akagusa ukingo wa picha ya ukutani. "Baba, huu mkono wa nani?"

Mwaka 2014 nilikuwa na laki nane za kudunduliza. Kariakoo nikapata Canon 600D iliyotumika, na hela ikatosha lenzi moja tu: 18-55, ya kuzumu, yaani kuvuta picha karibu au kuipanua, au ile fupi ya plastiki, 50mm ya f/1.8, isiyozumu ila yenye tundu pana la kupitisha mwanga. "Kaka, chukua ya kuzumu, inafaa kwa yote," muuzaji akanishauri. Lakini mawazo yangu yalikuwa jikoni kwa Bibi, Tanga, ambako umeme haujafika. Nilishasoma kwamba ukiizumu ile 18-55 mpaka 50, ile fupi inaizidi mwanga karibu mara 10. Nikachukua fupi.

Usiku ule Bibi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, koroboi kushotoni kwake. Nikachuchumaa mlangoni. Lenzi ikawa inakoroma, inaenda na kurudi gizani.

"Hicho chalia nini, mume wangu?"

"Kinatafuta macho yako, Bibi."

"Si haya hapa." Akainua uso, kifuu bado mkononi, machicha yamemganda vidoleni. Nikabana pumzi, nikabonyeza.

Nikamgeuzia kioo. Alifuta mikono kwenye kanga kwanza, ndipo akaishika kamera kama anashika kitoto. Mvi za kipajini zilihesabika moja moja, na mwali wa koroboi ulikuwa umesimama ndani ya macho yake yote mawili. Akanyamaza mpaka nikadhani hakuipenda. Kisha akasema taratibu, "Kumbe nimekuwa mama yangu."

Asubuhi ukoo mzima ukataka picha. Mvua ilikuwa inanyesha, tukajibana sebuleni. Kwenye kamera ile, lenzi ya 50 huona finyu, sawa na lenzi ya 80 kwenye kamera za filamu. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, bado hawakuenea. Babu, kwa kuwapisha wageni, alikuwa amekaa mwisho kabisa wa mkeka. Nikasema tutapiga nyingine mvua ikikatika. Ilikatika nikiwa kwenye basi. Mwaka uliofuata tukamzika.

Picha zote mbili nimezitundika pamoja. Kwa lenzi ile nyingine Babu angeenea, na Bibi angebaki kivuli. Nimelipima hili miaka yote, mizani haijatulia.

"Wa babu yangu," nikamjibu.

"Sura yake ikoje?"

Nikakaa naye kochini, nikaanzia kwenye ndevu.