Ngazi ya rafu za vitabu kwa mbao mbili za futi 12

Rafu ndefu za vitabu zinataka ngazi, si kiti cha plastiki ambacho miguu yake hutanuka ghafla. Ngazi ya kuegesha inatoka kwenye mbao mbili tu za inchi 2 kwa 3, futi 12. Kila mbao inatoa nguzo moja ya sm 222 na vidato vitatu vya sm 42. Mninga au mkongo ni bora. Paini nayo inafaa, ila ikatae yenye fundo kubwa ukingoni, maana hapo ndipo inapovunjikia.

Mbao za masika hapa Mtwara na Lindi huwa kavu juu, mbichi ndani. Zikisinyaa baadaye, vidato hulegea na gundi haisaidii tena. Zipange kivulini hadi zikauke ndani, ukizitenganisha kwa vijiti.

Sasa mwinamo wa ngazi. Kanuni ni moja kwa nne: bomba la kuegeshea, lile la mbele ya rafu ambalo ngazi hutundikwa, likiwa sm 210 juu, kitako cha ngazi kikae sm 52 mbele ya timazi ya bomba. Kata kadibodi ya pembetatu mraba, sm 20 kwa sm 80. Upande mrefu wa mshazari uweke ukingoni mwa nguzo. Upande wa sm 20 ndio mstari wa kidato. Chora kila sm 29. Kabla ya kukata, laza nguzo mbili ubavu kwa ubavu: mistari ikutane kama herufi V. Ikielekea upande mmoja, nguzo moja itaharibika, na kosa hili ni la kila siku.

Kwenye mistari hiyo chimba mifereji ya kina cha sm 1 kwa msumeno na patasi. Mbao ikipigwa randa haibaki 2 kwa 3, kwa hiyo upana wa mfereji upime kwa kidato chenyewe. Kiingie kwa kugongwa kidogo. Tia gundi, toboa kwanza, kisha kaza skrubu mbili za inchi 4 kila upande. Misumari usiitumie: hulegea kwa kila hatua, na chumvi ya pwani huila.

Bomba liwe la GI, yaani chuma kilichopakwa zinki, inchi 1. Nje lina karibu mm 34, basi fundi wa kuchomelea akunje kulabu za chuma bapa zenye nafasi ya mm 38, azifunge kwa bolti mbili kila nguzo. Mpira wa tyubu ndani ya kulabu huzuia mikwaruzo. Miguuni kata kwa kadibodi ileile, upigilie kipande cha tairi kuukuu, vichwa vya skrubu vizame.

Rafu yenyewe lazima ishikwe ukutani, la sivyo ngazi itaiangusha. Kwenye nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kama za Mikindani, lipu ya chokaa haishiki kitu. Toboa hadi ufikie jiwe.

Vanishi paka nguzoni. Juu ya vidato acha mbao tupu, iliyopigwa msasa tu.