Siku moja kwenye kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Saa 12:30 asubuhi mashua inatuvusha kutoka Kilwa Masoko. Maji yakiwa yametoka, tunashuka mbali na kutembea topeni, ndoo za chokaa kichwani.

Saa 1:30. Saidia fundi anachekecha mchanga, mimi nakoroga: chokaa ndoo moja, mchanga tatu. Chokaa hii tuliichoma wenyewe, mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha ikamwagiwa maji na kulala shimoni kwa wiki kadhaa. Wengi wakisikia kazi yangu hudhani napaka rangi magofu. Msikiti huu ulianza karne ya 11, ukaongezwa upande wa kusini karne ya 14, na Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alifika mji huu mwaka 1331. Kuta ni matumbawe na chokaa. Nazishikilia kwa vitu vile vile.

Saa 3:00 naanza kiraka. Zamani mtu aliziba mwanya kati ya mawe kwa saruji, na leo lazima itoke. Tumbawe hunywa maji ya mvua na kuyatoa. Saruji ikiliziba, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya ndani, na jiwe linageuka unga huku kiraka chenyewe kikiwa kizima. Tindo, nyundo ndogo, taratibu. Ukipiga kwa hasira, kinachotoka ni jiwe, saruji inabaki. Bega limeshaanza kuwaka moto ndipo mgeni mmoja akasimama chini ya jukwaa:

"Fundi, si mngeleta mifuko kumi ya saruji mkamaliza wiki hii?"

Nikashuka. Nikamwekea kiganjani unga niliotoa nyuma ya kiraka, nikamwambia, "Hili lilikuwa jiwe, ndugu yangu." Akaupukuta. "Lakini saruji ni imara zaidi." Nikarudia maelezo tangu mwanzo. Akarudia lake. Nusu saa ya jua ikapotea hivyo, na niliumia, maana mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu haya kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hadi yanatolewa mwaka 2014 kuta zilikuwa zimeshikwa na mikono kama hii.

Adhuhuri tulisali msikiti wa kijijini, tukala wali na samaki.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Vidole vimechubuliwa na chokaa. Nasafisha mwanya, naulowanisha, najaza, nagongelea vijiwe vidogo katikati ili chokaa isikae nene. Halafu tena. Saidia fundi ameacha kuongea. Nahodha anaita, maji yanageuka, nami sijamaliza hata dhiraa mbili.

Nilichojaza nakifunika kwa magunia mabichi, kwani chokaa ikikauka haraka hupasuka. Kesho Ijumaa hatuvuki. Nimemwachia kijana wa kijijini ndoo: alowanishe magunia asubuhi, adhuhuri na jioni.