Kwenu Wapi?

Jumamosi nilipanda basi la Ulyankulu pale Tabora mjini. Mama mtu mzima aliyekaa dirishani alinisalimu, "Mwangaluka." Nikaitikia, "Mwangaluka, mayu." Akafurahi, akanimegea karanga. Halafu likaja lile swali.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Barabara ya 13, hukohuko Ulyankulu."

"Hapo si mnakaa tu? Mimi nauliza kwenu hasa."

Nimeulizwa hivyo tangu shuleni na bado huwa nakwama. Watu wengi hawana haja ya kutenganisha nyumbani na kwao. Sisi wa makazi ya wakimbizi tuna haja hiyo kila siku.

Babu alikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, akaletwa Ulyankulu, wakati huo pori la miombo na mbung'o. Akafyeka, akajenga, akazungushia ua wa minyaa. Yeye aliiita miyenzi. Kwao ndiyo mipaka ya mashamba. Nikiwa mdogo nilivunja kijiti, utomvu mweupe ukanirukia jichoni. Babu aliniosha huku akigomba kwa Kirundi, na sikujua kama ananigombeza mimi au mti. Mwembe wa uani ulipandwa na bibi. Babu hakuutaka. Alisema mwembe ni wa watu wanaokaa.

Mwaka 2008 baba mdogo alirudi Burundi, akakuta shamba lina wenyewe. Alipopiga simu, babu aliuliza jambo moja tu: miyenzi ipo? Ipo, ila upande wa bondeni imekatwa.

Sisi tuliobaki tuliomba uraia. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa, lakini tukaambiwa tutahamishiwa mikoa mingine, na hati zikaanza kugawiwa 2014. Miaka hiyo paa letu lilivuja kila masika. Baba alikuwa na pesa ya tumbaku mkononi, akagoma kununua bati. Aezekee nani? Tuliweka sufuria chini ya matone, usiku unasikia ti, ti, ti. Ukimbizi babu aliusimulia. Mimi niliuonja pale, kwenye nyumba niliyozaliwa.

Babu alifariki 2012. Uraia wa Burundi alikuwa ameshaukana, hati ya Tanzania hakuwahi kuishika. Tulimzika ndani ya ua wake, chini ya ule mwembe asioutaka, maana kwingine kote kulikuwa na mizizi ya minyaa.

Mwishowe hatukuhamishwa. Baba alinunua bati wiki ileile alipopewa hati.

Yote hayo sikumweleza yule mama; safari yenyewe vumbi tupu na kondakta anapiga kelele. Nilimwambia tu babu yangu kazikwa Barabara ya 13.

Akatafuna karanga kidogo.

"Na huko kwenu mvua imeshanyesha?"

Nikamwambia bado.