Siku moja maishani mwangu: kocha niliyekabidhiwa timu iliyofungiwa

Watu wakisikia ninafundisha mpira wa kikapu chuoni huuliza swali moja tu: mmeshinda mechi ngapi? Nawaelewa. Lakini timu niliyokabidhiwa ilikuwa imetoka kufungiwa msimu mzima, na sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika mbali kabisa na kikapu. Hii ni Jumanne moja.

Saa 11 alfajiri nasoma taarifa ya mahudhurio ya jana kabla hata ya kunawa uso. Saa 12 tuko kwenye vyuma na kamba, mazoezi ya viungo kama kawaida, hakuna cha kusimulia.

Saa 2 asubuhi nazunguka madarasa. Kocha mzima, na filimbi shingoni, nachungulia mlango mmoja baada ya mwingine kuhakikisha vijana wangu wamekaa humo ndani. Kabla sijafika, wafadhili walikuwa wakiwapa wachezaji pesa kwa siri, na mchezaji mwenye pesa hakuona sababu ya kuingia darasani. Watu wengine walimsainia ili aendelee kuhesabika mwanafunzi na aruhusiwe kucheza. Uchunguzi ulipokwisha, kocha aliyekuwepo aliondoka, ushindi wa misimu ile ukafutwa na nafasi za udhamini wa masomo zikapunguzwa. Waliokula pesa hizo, wengi wao walikuwa wameshahitimu au wamehama. Adhabu ikawaangukia waliobaki, pamoja na wengine waliokuwa bado sekondari wakati uchafu huo unatendeka. Jambo hili linaniuma kila asubuhi, na ndilo linalonitoa kitandani.

Mwalimu wa takwimu hapendi makocha. Aliwahi kushinikizwa abadilishe alama, akakataa, na kwa muda mrefu alilipia kukataa kwake kwa kutengwa na wenzake. Tangu nianze kazi hii tulikuwa hatujavuka salamu ya kutikisa kichwa. Leo ametoka mlangoni, chaki mkononi, akaniambia, "Namba saba wako ameuliza swali zuri," kisha akarudi ndani na kufunga mlango. Nilisimama pale korido nikitabasamu peke yangu. Ushindi wa namna hii hauandikwi ubaoni, lakini mimi nauhesabu.

Saa 4 ni zamu ya ofisi ya kanuni. Kila simu niliyompigia kijana ninayetaka kumsajili inaandikwa, kila lifti aliyopewa mchezaji kwenye gari la mtu inaandikwa na sababu yake. Saa mbili za kujaza fomu. Nimezizoea.

Saa 6 mchana nilizungumza na mama wa kijana mmoja mrefu, mwenye mikono laini ya kupokea pasi, ambaye vyuo vingine vinamtaka. Mama hakuzunguka. "Kocha, mwanangu akija kwako atalipa deni la nani?" Sikumpamba. Nikamweleza kwamba msimu wa kwanza tutapigwa, labda na wa pili. Nikamtajia chuo kikuu cha Baylor, kule Texas, Marekani, kwa sababu ni mfano ambao mtu anaweza kuukagua mwenyewe. Mwaka 2003 mchezaji wao Patrick Dennehy aliuawa na mchezaji mwenzake wa zamani, na uchunguzi ukafichua malipo haramu na kocha mkuu aliyejaribu kumsingizia marehemu kuwa alikuwa muuza dawa za kulevya. Ni vigumu kuwaza timu iliyoanguka chini zaidi ya hapo. Kocha mpya, Scott Drew, akaichukua mwaka huohuo. Msimu wake wa kwanza walishinda mechi 8 na kupoteza 21. Msimu wa 2005/06 walizuiwa kucheza mechi yoyote nje ya ligi yao. Mwaka 2008 wakarudi kwenye mashindano ya taifa, na mwaka 2021 wakatwaa ubingwa kwa kukifunga chuo cha Gonzaga 86 kwa 70.

"Kwa hiyo ni miaka kumi na minane," mama akasema. Alikuwa amepiga hesabu kabla sijamaliza.

Nikakubali. Nikamwambia pia kwamba mwanawe hatakuwepo siku ya kombe, lakini atahitimu, na cheti chake hakuna atakayekitilia shaka. Akasema atafikiri.

Nilitaka saa 8 nipange mazoezi. Badala yake nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye kiti changu. Alisoma hapa zamani, mambo yake yakamnyookea, na amekuwa akiichangia timu tangu enzi za makocha waliopita. Chuo kinamheshimu. Mimi pia namheshimu, ndiyo maana nilisimama.

Alianza na kabati la vikombe. Kwa nini kikombe kile kiliondolewa? Vijana walikimbia, walitoka jasho, nani anaweza kufuta jasho? Nikamjibu kwamba ushindi umefutwa kisheria na kikombe kimerudishwa. Akahamia kwenye ukuta, pale ilipokuwa bendera ya ubingwa, ambapo rangi imebaki mpya kuliko sehemu nyingine. Nikajibu tena. Akaulizia idadi ya wachezaji, kocha msaidizi, jezi. Nilikuwa natazama saa, naye anaona kwamba natazama saa, na bado anaendelea. Nusu saa ikapita, kisha nusu nyingine. Wasaidizi wangu walichungulia mara mbili wakaondoka.

Ndipo akatoa bahasha na kuiweka juu ya daftari langu la mazoezi. Ya namba saba, akasema. Kijana ana shida nyumbani, nisijifanye sijui. "Yaliyopita si ndwele, kocha, tugange yajayo."

Nilihisi shingo inapata moto. Hayo yajayo yenyewe ndiyo yale yale, yako mezani, yamefungwa kwa gundi. Nikaisogeza bahasha upande wake bila kuifungua. Akacheka na kuniambia nimepitwa na wakati, hata Marekani siku hizi wachezaji wa vyuo wanalipwa. Ni kweli. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kufanya biashara kwa majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Lakini hiyo ni mikataba yenye kanuni zake, inayotolewa taarifa. Chuo chetu hakina kanuni hiyo, na hata ingekuwepo, isingepita chini ya meza ya kocha.

Nikamsimulia chuo kikuu cha Southern Methodist cha Dallas, Texas. Timu yao ya mpira wa miguu wa Kimarekani ilikuwa tayari chini ya uangalizi kwa makosa ya kulipa wachezaji, na bado wachezaji 13 wakalipwa jumla ya dola 61,000 kutoka mfuko wa mfadhili mmoja. Msimu wa 1987 ukafutwa wote, na chuo chenyewe kikajiondoa msimu wa 1988. Hawakupata msimu wenye ushindi mwingi kuliko vipigo hadi 1997. Mfadhili yule aliipenda timu yake, sina shaka, na mapenzi yake yaliwaangamiza vijana ambao hakuwajua hata kwa sura.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema maneno ambayo sitayaandika hapa, kuhusu mimi na shukrani, akachukua bahasha yake na kutoka.

Mazoezi tulichelewa kuyaanza. Wachezaji wanane. Hata mmoja asipokuwa na kifundo kibaya, hawatoshi kucheza watano kwa watano, kwa hiyo wasaidizi wangu wawili huvua saa zao na kuingia uwanjani, nao si vijana tena. Tulirudia ulinzi wa eneo mpaka magoti yakakataa. Tulirudia kurusha baada ya kuchoka, maana mechi tunazopoteza tunazipoteza dakika za mwisho, wenzetu wakiwa na benchi refu nasi tukiwa na mataulo. Kuna wakati nilipiga filimbi nikasahau nilitaka kusema nini. Wakanisubiri. Hakuna aliyeinama, hakuna aliyeshika magoti, wote macho kwangu. Nawapenda vijana hawa. Wangeweza kuhama na wasiulizwe.

Baadaye, wengine wakikusanya mipira, nikamvuta namba saba pembeni. Nikamuuliza kama kuna mtu amemfuata. Akatoa simu akanionyesha ujumbe, wa wiki iliyopita. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Mzee, naomba unione mbele ya kocha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani hatakuja, kocha. Nyumbani kweli kuna shida."

Hilo la shida ndilo linahitaji mtu mzima. Chuo kina mfuko wa dharura ulio wazi kwa kila mwanafunzi, mchezaji au siyo. Tukakaa kwenye ngazi za uwanja tukajaza ombi lake pamoja, yeye akisoma, mimi nikiandika kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kwa uchovu.

Usiku sijui ilikuwa saa ngapi nilipofika mezani. Vijana walikuwa kwenye chumba cha kujisomea, nami nikaandika taarifa ya bahasha: nani, wapi, alisema nini, nilijibu nini, ujumbe wa simu umeambatishwa. Huenda tukapoteza mchango wake, na huenda msimu ujao tukasafiri kwa basi bovu zaidi. Niliituma ofisi ya kanuni, nakala kwa mkuu wa michezo, ili asubuhi asije mtu kuniomba niichane.

Simu ikalia. Mama wa yule kijana mrefu: "Tutakuja Jumamosi. Nataka nikaone madarasa kwanza, uwanja baadaye." Ziara ya namna hiyo lazima iombewe kibali siku tatu kabla, kwa hiyo nimefungua fomu nyingine, na ndiyo ninayoijaza sasa.